Potashi moja, majibu manne: uchambuzi wa kisa cha Humphry Davy, Oktoba 1807

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa ni kitu gani kitapatikana kwenye kathodi, yaani kijiti kilichounganishwa na upande hasi wa betri, umeme unapopitishwa katika maji ya chumvi, mara nyingi hujibu kwamba ni sodiamu, na hoja yake inafuatana vizuri: chumvi ina ioni za sodiamu, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ioni hizo zina chaji chanya, kathodi ni hasi, basi zitavutwa huko na kugeuka metali. Jibu ni kosa, lakini ni kosa lenye heshima yake, kwa maana mmoja wa wanakemia hodari kabisa wa Ulaya alianza na tumaini la namna hiyohiyo mwaka 1807 na akaambulia mapovu ya gesi. Kisa ninachokichambua hapa ni hicho cha Humphry Davy na potashi. Dutu ilikuwa moja, chumba cha kazi kilikuwa kimoja, umeme ulitoka katika betri za aina moja, na bado potashi ilitoa majibu manne tofauti kwa kutegemea hali iliyowekwa ndani yake. Kiamuzi kikuu kilikuwa maji: yapo au hayapo, na yakiwapo, ni kiasi gani; na yasipokuwapo, kiamuzi kilikuwa joto.

Potashi yenyewe si kitu kigeni jikoni kwetu. Magharibi mwa Kenya mapishi ya mboga za kienyeji hutumia musherekha, yaani maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharage: majivu huwekwa katika chombo chenye matundu chini, maji humiminwa juu yake polepole, na yale yanayochuruzika, yenye rangi kama ya chai na utelezi kidogo vidoleni, hulainisha mboga ngumu zisizotaka kuiva. Utelezi huo ni dalili ya alkali, yaani dutu iliyo kinyume cha asidi, na alkali iliyomo kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya potasiamu. Ikichemshwa pamoja na chokaa hupatikana alkali kali zaidi, haidroksaidi ya potasiamu, ambayo wanakemia huiandika KOH na ambayo ndiyo Davy aliyoiita potashi safi. Mwanzoni mwa karne ya 19 wanakemia wengi walishuku kwamba potashi ilikuwa muungano wa vitu fulani, lakini hakuna moto wala asidi iliyokuwa imefaulu kuigawa.

Davy alikuwa na umri wa miaka 28 na alifanya kazi katika Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyoko mtaa wa Albemarle, London. Chombo alichokitegemea kilikuwa bado kichanga: Alessandro Volta alikuwa ametangaza betri yake mwaka 1800, na mwaka uleule William Nicholson na Anthony Carlisle, huko Uingereza, wakaonyesha kwamba umeme wake hutoa haidrojeni na oksijeni kutoka katika maji. Davy alikuwa na betri zilizojengwa kwa sahani za shaba na zinki, nyingine zikiwa na sahani 24 za inchi 12 kila upande, nyingine 100 za inchi 6, na nyingine 150 za inchi 4. Jozi moja ya shaba na zinki katika kimiminika chenye asidi hutoa takriban volti 1, kwa hiyo ukizipanga jozi 100 kwa mfululizo unapata msukumo unaotosha kumrusha mtu mkono. Nguvu, kwa kifupi, haikuwa tatizo lake.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo yeyote angelianza nalo. Davy aliyeyusha potashi katika maji hadi maji yakashindwa kupokea zaidi, akapitisha umeme, na kilichotokea kilikuwa joto jingi na mchemko mkali wa gesi mbili, haidrojeni upande hasi na oksijeni upande chanya. Potashi haikuguswa. Aliongeza nguvu ya betri, na nguvu hiyo ikaongeza joto na mapovu tu. Ni kama mtu anayepiga kelele zaidi kwa msikilizaji asiyejua lugha yake.

Hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda, kwa sababu jibu hili la kwanza lina somo kubwa kuliko mafanikio yaliyofuata. Davy hakuwa na habari ya elektroni, chembe yenye chaji hasi iliyokuja kutambuliwa mwaka 1897, wala hakuwa na neno ioni, ambalo Michael Faraday alilitangaza mwaka 1834 pamoja na anodi, kathodi na elektrodi (jina la jumla la vijiti viwili vinavyoingiza umeme, anodi ikiwa ya upande chanya na kathodi ya upande hasi), akilichukua kutoka Kigiriki kwa maana ya kitu kiendacho. Sisi tunayo maneno hayo, basi tuyatumie. Potashi ikiingia majini, ioni zake, K⁺ na OH⁻, huachana na kutawanyika zenyewe, kabla ya betri kuunganishwa, na hata kama betri haitaunganishwa kamwe. Wazo hilo, ambalo Svante Arrhenius alilitoa katika miaka ya 1880 na likapata taabu kukubaliwa, linasahihisha usemi tunaoupenda sana madarasani, kwamba umeme "huvunja" kampaundi. Katika mmumunyo, kinachozitenganisha ioni ni maji. Katika dutu iliyoyeyushwa kwa moto, ni joto. Umeme hukuta ioni zimekwisha kuwa huru, na kazi ya elektrodi ni nyepesi zaidi kuielezea ingawa ndiyo ngumu zaidi kuifanya: kathodi hutoa elektroni, anodi huzipokea.

Swali basi si nani anavutwa kwenda kathodi, bali nani, kati ya wale waliopo pale, atakayepokea elektroni kwa gharama ndogo zaidi. Ioni za potasiamu zinafika kweli kwenye kathodi, lakini zinakuta maji yamejaa pale, na maji yanapokea elektroni kwa wepesi mkubwa kuliko wao. Tofauti hiyo ina kipimo chake. Katika mizani ya volti inayotumika kulinganisha uwezo huu, potasiamu iko kwenye −2.93, na maji katika mazingira ya alkali kali yako karibu na −0.83. Kadiri namba inavyozama chini ya sifuri ndivyo dutu inavyokataa elektroni zaidi, na pengo la volti 2 na zaidi si jambo dogo. Maji yanazichukua elektroni, yanatoa haidrojeni na kuacha OH⁻ nyuma yake:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Upande wa anodi ni OH⁻ zinazotoa elektroni, na matokeo yake ni oksijeni na maji:

4OH⁻ → O₂ + 2H₂O + 4e⁻

Ukijumlisha pande mbili utaona kwamba kilichotoweka ni maji peke yake, na potashi imebaki palepale ilipokuwa, imefanya kazi ya kubeba mkondo tu. Mwenye kutilia shaka anaweza kujionea kwa maji ya chumvi ya mezani na matone machache ya fenoftalini, kiashiria kinachogeuka rangi ya waridi kikikutana na alkali: dakika chache baada ya kuunganisha betri, maji yanayozunguka kathodi hugeuka rangi ya waridi, na rangi hiyo hutambaa kama moshi kutoka kwenye kijiti cha kaboni. Rangi hiyo ni OH⁻ zilizozaliwa pale pale, na ni ushahidi kwamba aliyepokea elektroni ni maji.

Wapo wanaofundisha kwamba potasiamu, au sodiamu, hupatikana kwanza kwenye kathodi kisha hushambuliwa na maji na kutoa haidrojeni. Hesabu ya mwisho inatoka sawa, na ndiyo maana maelezo haya yanadumu, lakini sioni sababu ya kuyatetea: yanamlazimisha mwanafunzi aamini kwamba elektroni hupanda mlima mrefu wa potasiamu kwanza ndipo zishuke kwenye maji, hali mlango wa maji ulikuwa wazi tangu mwanzo. Isipokuwa kathodi ikiwa ya zebaki. Juu ya zebaki haidrojeni huzaliwa kwa shida, na metali ya alkali hupata nafuu kwa kuyeyuka ndani ya zebaki yenyewe, hivyo sodiamu inaweza kweli kutolewa katika maji ya chumvi. Viwanda vya klorini vilitumia mbinu hiyo kwa miongo mingi kabla sumu ya zebaki haijavifanya vianze kufungwa. Kwa hiyo mpangilio wa nani anayetangulia hautokani na ioni peke yake. Hata kitu ambacho elektrodi imetengenezwa kwacho kina sauti.

Davy alielewa, kwa lugha ya wakati wake, kwamba maji yalikuwa yanamzuia, akaamua kuyaondoa. Hapo akakutana na jibu la pili, ambalo ni fupi: potashi iliyokauka kabisa haipitishi umeme hata kidogo. Ioni zimo, tena zimesongamana, lakini kila moja imeshikwa mahali pake na jirani zake wenye chaji ya kinyume, na ioni isiyoweza kutembea haiwezi kufika kwenye elektrodi.

Akajaribu moto. Aliweka potashi katika kijiko cha platini, akaelekeza juu yake mwali wa taa ya spiriti uliochochewa kwa mkondo wa oksijeni, na kuiweka kwa dakika kadhaa katika joto jekundu hadi ikawa kimiminika kilicho wazi kabisa. Potashi huyeyuka karibu na nyuzi 400 za Selsiasi, kwa hiyo kijiko chake kilikuwa kimeipita hatua hiyo kwa mbali. Kijiko kikaunganishwa na upande chanya wa betri ya sahani 100, na waya wa platini kutoka upande hasi ukagusishwa juu. Safari hii umeme ulipita. Kwenye waya palitokea mwanga mkali na mwali uliosimama kama nguzo. Alipogeuza miunganisho, kijiko kikawa hasi na waya ukawa chanya, na sasa vikapanda kutoka chini, kupitia potashi iliyoyeyuka, viputo vilivyowaka moto mara vilipofika hewani.

Jibu hili la tatu lilikuwa karibu sana na ushindi, na bado halikumpa kitu cha kushika. Ukilitazama kwa ujuzi wa leo, kila dalili inasomeka. Mwali uliufuata upande hasi: ulipokuwa waya, ulikuwa juu, upande hasi ulipohamia kwenye kijiko, vilivyowaka vilianzia chini. Kwa hiyo kinachowaka kilizaliwa kwenye kathodi. Tena potasiamu ina uzito wa gramu 0.86 tu kwa sentimita moja ya ujazo, pungufu hata ya maji, seuze potashi iliyoyeyuka. Haiwezi kukaa chini, lazima ipande, na katika joto jekundu ikikutana na hewa haina budi kuungua. Davy alikuwa ameitoa potasiamu, lakini joto lilelile lililozifungua ioni ndilo lililokuwa likiiteketeza metali alipoipata.

Alichohitaji kilikuwa kitu cha katikati: umajimaji wa kutosha kuuingiza umeme, lakini si maji ya kutosha kushindana na potasiamu, na joto la kutosha kuyeyusha, lakini pale tu umeme unapopita. Suluhisho lake, siku inayotajwa kwa kawaida kuwa 6 Oktoba 1807, lilikuwa rahisi hivi kwamba ukilisoma haraka utalipita. Alichukua kipande kidogo cha potashi safi na kukiacha hewani kwa sekunde chache. Potashi hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa, na ndiyo maana kopo lake lisipofungwa vizuri hukutwa limegeuka uji. Kwa sekunde chache hata hivyo kinachopata unyevu ni ngozi ya juu tu. Akakiweka kipande hicho juu ya kisahani cha platini kilichounganishwa na upande hasi wa betri, safari hii sahani zote 250 za inchi 6 na inchi 4 zikifanya kazi pamoja, na kwa juu akakigusa kwa waya wa platini kutoka upande chanya.

Potashi ilianza kuyeyuka pale ilipoguswa, juu na chini. Juu, kwenye waya, palikuwa na mchemko mkali wa gesi. Chini, kwenye kisahani, hapakutoka gesi yoyote, bali vilitokea vitone vidogo vyenye mng'ao wa metali, vinavyofanana na zebaki kwa kutazama. Vingine vililipuka na kuungua kwa mwali mkali mara tu vilipofanyika, vingine vilibaki, vikafifia, na kuvikwa utando mweupe. Binamu yake Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia baadaye kwamba Davy alirukaruka chumbani kwa furaha na ikamchukua muda kutulia ili aendelee na kazi.

Tuvitazame vitone hivyo kwa karibu. Vilifanana na zebaki kwa sababu potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 63 tu za Selsiasi, na chini ya potashi iliyokuwa ikiyeyuka palikuwa na joto zaidi ya hilo. Ule utando mweupe ulikuwa potasiamu ikirudi kuwa kampaundi kwa oksijeni na unyevu wa hewa. Hakukuwa na gesi chini kwa sababu, kwa maelezo yanayokubaliana na yote aliyoyaona, utando wa maji wa mwanzo ulikuwa mlango tu: ulipitisha mkondo wa kwanza, mkondo ukapasha joto pale ulipobanwa, joto likayeyusha potashi, na tangu hapo potashi iliyoyeyuka ikaupitisha umeme yenyewe. Maji machache yaliyokuwapo yaliisha au yaliondoka kwa joto, na ioni za potasiamu zikabaki peke yake mbele ya kathodi bila wa kuzitangulia:

K⁺ + e⁻ → K

Pia kipande chenyewe kilikuwa kifuniko. Vitone vilizaliwa chini yake, mahali ambapo hewa haifiki kwa urahisi, tofauti na kijiko kilichowaka moto.

Kwa nini basi juu palichemka sana na chini vikapatikana vitone vidogo tu, ilhali elektroni zinazotoka anodi ni sawa kwa idadi na zinazoingia kathodi? Hesabu ya Faraday inajibu. Tuchukue kwa mfano mkondo wa ampea 1 kwa dakika 1, yaani kulombi 60 (kulombi ni kipimo cha kiasi cha umeme). Kwa kuwa moli moja ya elektroni (moli ni kipimo cha idadi cha wanakemia) ni kulombi 96,485, na kila ioni ya potasiamu inahitaji elektroni moja, tutapata gramu 0.024 za potasiamu, ambazo zikikusanyika zote ni tone lenye kipenyo kisichofika milimita 4. Upande wa pili, umeme uleule unatoa oksijeni ya karibu sentimita 4 za ujazo katika joto la kawaida la chumba, zaidi ya mara 100 ya ujazo wa lile tone. Pande mbili zimelipwa sawasawa. Ni kwamba upande mmoja umelipwa kwa gesi na mwingine kwa metali.

Sehemu ya kisa ambayo husimuliwa kwa nadra ni yale aliyofanya baada ya kuruka kwa furaha, na kwangu ndiyo yanayokifanya kiwe sayansi. Mtu angeweza kudai kwamba metali ile ilitoka katika platini, au kwamba ilitengenezwa na hewa. Davy alibadilisha platini kwa shaba, fedha, dhahabu na makaa, na vitone vikatokea vilevile. Alirudia jaribio katika chombo kilichoondolewa hewa, na vikatokea tena. Kisha akaiunganisha metali na oksijeni na kupata tena potashi, ili asionekane amegawa kitu bila kuweza kukirudisha. Soda, yaani haidroksaidi ya sodiamu, ilimpa metali nyingine kwa njia hiyohiyo siku chache baadaye, ingawa ilidai betri yenye nguvu zaidi, na tarehe 19 Novemba aliziwasilisha zote mbili mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwa majina ya potasiamu na sodiamu. Alizihifadhi katika nafta, mafuta yasiyo na oksijeni ndani yake, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba potasiamu ikitupwa majini hukimbia juu ya maji ikiwaka mwali wa rangi ya zambarau, na kwamba hata juu ya barafu huwaka na kuchimba shimo.

Kuna jambo moja katika mlinganyo wa anodi ambalo vitone vyake vichache havikuhitaji kulijua, lakini viwanda vilikuja kulilipia. OH⁻ nne zinapotoa elektroni nne hazitoi oksijeni tu. Zinatoa pia molekuli mbili za maji. Wakati huohuo, kwenye kathodi, elektroni hizo nne zimezaa atomi nne za metali. Maji yale, yakizurura ndani ya kimiminika hadi kwenye metali, yanaharibu atomi mbili kati ya nne:

2K + 2H₂O → 2KOH + H₂

Hamilton Castner, Mmarekani aliyetengeneza sodiamu kwa elektrolisisi, yaani kwa kupitisha umeme katika haidroksaidi iliyoyeyuka, mwishoni mwa karne ya 19, alikumbana na ukuta huu: nusu ya umeme wake ilipotea, na hakuna ufundi wa kuunda tanuri ungeweza kuurudisha wote, kwa sababu maji yalizaliwa na dutu yenyewe. Alifukuza maji mlangoni, yakaingia kwa anodi. Mbinu ya J. C. Downs ya mwaka 1924 iliachana na haidroksaidi ikachukua chumvi ya kawaida, ambayo peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 801, ikachanganywa na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke karibu na nyuzi 600. Katika chombo hicho anodi hutoa klorini, kathodi hutoa sodiamu inayopanda juu kama potasiamu ya kijiko cha Davy, na wavu wa chuma huwekwa kati yao ili visikutane na kurudi kuwa chumvi. Hakuna oksijeni wala haidrojeni katika kampaundi hiyo, kwa hiyo hakuna elektrodi inayoweza kuzaa maji.